Kutolewa kinyama si kutolewa kizazi

Mwanamke akirudi nyumbani Ikungi au Kiomboi akasema ametolewa kinyama kwenye kizazi, habari haimalizi siku mbili kabla haijabadilika. Ikifika kwa mawifi imeshakuwa "ametolewa kizazi". Mama mkwe anaanza kukumbushia ng'ombe wa mahari, mume anashauriwa atafute mwingine, na mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine hospitali hakuelezwa vizuri alichofanyiwa, anashindwa kujitetea.

Kutolewa kizazi ni kuondolewa mfuko mzima wa uzazi, na hapo kubeba mimba hakuwezekani tena. Kinyama, ambacho madaktari hukiita polipu, ni kinundu kinachoota kwenye utando wa ndani wa kizazi, ule ule unaobanduka wakati wa hedhi. Kinaweza kuwa kidogo kama punje ya ufuta au kikafikia sentimita kadhaa. Kikiondolewa, kizazi, mirija na mayai vyote vinabaki mahali pake.

Polipu si fibroidi pia. Fibroidi ni uvimbe wa msuli wa kizazi, na nyingine hutolewa kwa kupasua tumbo na kukata ukuta wa kizazi. Aliyefanyiwa hivyo huambiwa asubiri miezi kadhaa kidonda kipone kabla ya kushika mimba, na huenda akajifungua kwa upasuaji. Aliyetolewa polipu hana kovu la namna hiyo. Mara nyingi daktari humruhusu kuanza kutafuta mtoto baada ya hedhi inayofuata. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyetolewa fibroidi, hata awe na nia njema kiasi gani, haumfai.

Njia inayopendekezwa ni kamera nyembamba inayopitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi, iitwayo histeroskopi. Daktari anakiona kinyama na kukikata kwenye shina lake. Kukwangua kizazi bila kuona ndani, ambako wengi hukuita "kusafishwa", kunaweza kukiacha kinyama palepale, na ukwanguaji mkali au wa kurudiarudia unaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi. Tatizo ni kwamba kamera hiyo haipo kila hospitali. Mgonjwa wa Manyoni au Mkalama anaweza kupewa rufaa ya Dodoma, Moshi au Dar es Salaam, na nauli ikasubiri alizeti iuzwe. Hata hivyo, ni heri kuuliza mapema njia itakayotumika kuliko kukwanguliwa mara tatu.

Je, mimba inapatikana? Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Madrid, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2005. Wanawake zaidi ya 200 wenye polipu, waliokuwa wakisubiri kuwekewa mbegu za kiume ndani ya kizazi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja waliondolewa polipu, jingine walichukuliwa kipande tu cha kupima. Walioondolewa, asilimia 63 walipata mimba, wakati kundi la pili ilikuwa asilimia 28. Karibu theluthi mbili ya mimba za kundi la kwanza zilipatikana kabla hata ya kuwekewa mbegu. Huo ni utafiti mmoja, na haimaanishi kila polipu ndiyo kizuizi. Wapo wanaobeba mimba nayo ikiwa ndani. Lakini unatosha kumfumba mdomo anayedai kwamba upasuaji huo ndio mwisho wa uzazi.

Mimba isipoingia, nyumba nyingi hurudi kumkagua mwanamke yule yule. Anatafutiwa mizizi, anawekewa dawa ukeni "kusafisha kizazi", jambo linaloweza kumletea maambukizi na kumharibia zaidi. Mume hajapimwa hata mara moja. Kati ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, takribani nusu huwa na tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Nguvu za kiume si ushahidi wa mbegu. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi iliyopita si ushahidi pia. Kipimo cha manii hakihitaji kisu. Mwanamume anakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga mbegu, kisha anatoa sampuli. Kingefaa kufanyika kabla mke hajapandishwa basi kwenda kupasuliwa.

Mirija nayo ipimwe, hasa kwa aliyewahi kuugua magonjwa ya zinaa. Mwenye umri wa miaka 35 na zaidi asikae mwaka mzima akisubiri. Miezi sita inatosha kumrudisha kwa daktari.

Kinyama kilichotolewa hupelekwa maabara, kwa sababu wachache, zaidi waliokoma hedhi, hukutwa na dalili za saratani. Majibu hayo yafuatiliwe, na karatasi ya kuruhusiwa ihifadhiwe, kwani polipu inaweza kuota tena na daktari atakayefuata atataka kujua kilichofanyika.

Damu kidogo kwa siku chache baada ya upasuaji ni kawaida. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yanayoongezeka au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja si kawaida, na kwa hayo mtu aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, bila kungoja nauli ya kurudi alikopasuliwa.