Mfumo wa simu hautakusaidia kama magunia hujayapima



Leo sizungumzii viwavijeshi wala mbolea. Nazungumzia neno moja ambalo siku hizi nalisikia kila gulio: mfumo. Kila anayepata hasara anasema hana mfumo. Kila kijana anayeshuka na bodaboda kutoka mjini anauza mfumo. Mimi nasema wengi wenu mnauziwa dawa ya ugonjwa ambao haujapimwa.

Msimu uliopita mnunuzi mmoja katika kata ninayohudumia alimfukuza kijana wake wa stoo. Alinunua alizeti tani 10 kwa pesa ya mwenye kinu, akaanza kujaza stoo mwezi wa sita, akapakia mwezi wa tisa. Mizani ya kinu ikasoma kilo 9,450. Kilo 550 hazipo, yaani magunia 8 na zaidi ukihesabu gunia la kilo 65. Kijana akaitwa mwizi mbele ya watu na akanyimwa ujira wa miezi mitatu. Mama yake akaja kwangu kuuliza kama bwana kilimo anaweza kusema lolote.

Niliomba daftari. Kulikuwa na tarehe, jina la muuzaji, kilo na pesa iliyolipwa. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna aliyeandika mzigo uliingia ukiwa na unyevu kiasi gani, wala hakuna gunia lililopimwa tena kwa miezi yote mitatu.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu. Alizeti ya mwanzo wa msimu, ile watu wanayoikimbiza sokoni kwa ajili ya ada za watoto, inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 14. Katika kilo 1,000, maji ni kilo 140 na kitu kikavu ni kilo 860. Ikikaa stoo yenye hewa mpaka ikafika asilimia 9, zile kilo 860 zinakuwa ndiyo asilimia 91 ya mzigo, na mzigo wote unabaki kilo 945. Zidisha kwa 10. Unapata 9,450.

Nilipomaliza kuandika hesabu hiyo mnunuzi alinyamaza. Lakini na mimi sikuweza kuapa kwamba kijana hakuchukua hata debe moja, kwa sababu unyevu wa siku ile ya kununua hakuna anayeujua. Daftari halikumtetea na wala halikumtia hatiani. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema, na ni kubwa kuliko kilo 550.

Na yule mnunuzi alifanya nini? Alinunua simu kubwa na programu ya biashara ya kulipia kila mwezi. Alinionyesha kwa furaha. Sehemu za kujaza zilikuwa tarehe, jina, kilo na pesa. Ni daftari lile lile, sasa lina taa.

Simu siipingi. Inajumlisha haraka kuliko mimi na haikosei. Lakini haijui usichoiambia. Mtu asiyepima mzigo stoo kwenye karatasi hataanza kupima kwa sababu amenunua simu, na anayemuuzia programu bila kumuuliza anapima nini anamchukulia pesa yake bure.

Sisi maofisa tusijione wasafi. Tulipowasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku msimu wa 2022/2023, tulihesabu waliosajiliwa tukafurahia idadi. Mimi mwenyewe niliandika namba ya simu ya mtoto wa mkulima aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam, kwa kuwa mzee hakuwa na simu. Ujumbe ulikwenda Dar es Salaam, mzee akabaki Singida anasubiri mbolea. Mfumo ulifanya kazi vizuri kabisa. Mwandishi ndiye aliyeandika kitu kisicho na faida.

Kwa hiyo kabla ya programu, nunua kaunta buku la kwaya mbili. Chagua magunia 5 katika kila mzigo unaoingia, yaandikie namba kwa makapeni, yapime, kisha yapime tena kila Jumamosi, mwenye stoo na kijana wakiwa pamoja, wote wawili wasaini. Yale 5 yakipungua kwa asilimia 5 na stoo nzima ikapungua kwa asilimia 5, hayo ni maji. Yakipungua kwa 5 na stoo ikapungua kwa 12, hapo uliza maswali. Kazi hiyo haifiki nusu saa.

Jambo la pili ni nakala. Mkulima ukishapimiwa unaondoka na nini zaidi ya pesa? Kitabu cha risiti chenye kaboni kingekupa karatasi yenye kilo, bei na jina la mnunuzi. Watu wanailaumu stakabadhi ghalani, na malipo yakichelewa lawama ni ya haki. Lakini angalia kilichowekwa na sheria yake ya mwaka 2005: mwenye mazao anaondoka na karatasi inayosema ameweka nini, kiasi gani na cha ubora gani. Kwa mnunuzi wa kijijini kwenu karatasi hiyo haipo, na ugomvi ukitokea anayeaminiwa ni mwenye mizani.

Najua mtakachosema. Wanunuzi wananiambia waziwazi kwamba daftari zuri ni ushahidi wa kumpa mtu wa TRA. Kwa mfanyabiashara mdogo ni kinyume. Katika kodi ya makadirio, kwa viwango vilivyotumika miaka hii ya karibuni, mwenye mauzo ya shilingi milioni 9 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 150,000. Laki moja inatosha kununua makaunta buku ya miaka mingi. Ulizeni viwango vya mwaka huu kabla hamjalipa, lakini msinidanganye kwamba kutoandika kunawaokoa.

Jumanne nitakuwa ofisi ya kata kuanzia saa tatu asubuhi na mizani. Mwenye stoo aje na magunia yake 5, na aje na kijana wake. Mkulima aliye na risiti yoyote ya msimu uliopita ailete, tuisome pamoja. Yule mnunuzi nimemwalika pia. Ujira wa miezi mitatu bado hajaulipa.