Ghala Limejaa, Sahani ya Mtoto Haina Mboga



Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Iringa ukiongoza nchini kwa udumavu: watoto takribani 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 30. Udumavu una sababu nyingi, lakini mojawapo imo jikoni mwetu: mtoto anashibishwa ugali au viazi tu, na mwili wake unabaki na njaa.

Mtoto ni amana. Tuanze na tuta moja la sukuma wiki karibu na jiko, kwani mboga hii huipenda baridi ya Iringa na Mbeya. Sia mbegu kitaluni. Baada ya wiki 4 hivi, hamisha miche wakati wa jioni, uipande kwenye samadi iliyooza vizuri, kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Usiipande palipotoka kabichi au chainizi. Ni za jamii moja na maradhi yao ni mamoja. Asiye na kiwanja ajaze udongo kwenye viroba.

Wakati wa kiangazi, kinga maji ya udhu kwa beseni. Hayana sabuni, na hupatikana mara tano kwa siku. Kuyamwaga bure ni israfu.

Chuma majani ya chini, uache ya juu, nawe utavuna kwa miezi kadhaa. Ukipulizia dawa ya wadudu, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kumuuzia jirani kabla ya siku hizo ni kumdhuru.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik (r.a.) mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anachokipanda Mwislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi sadaka hiyo ianzie nyumbani. Kabla fungu halijakwenda sokoni, mtoto apate lake, likaangwe kwa mafuta kidogo, liambatane na maharage, dagaa au yai.

Nanyi akina baba, jembe la bustani msiwaachie akina mama peke yao.

Wabillahi tawfiiq.