Bahasha mbili za dawa ya kifafa

Mitihani imenibana lakini hili niliseme: anayeongezewa dawa ya pili ya kifafa aambiwe itaifanya nini ile ya kwanza. Haambiwi!

Kwetu Nyaishozi, Karagwe, mtoto wa shangazi alikuwa anameza fenobabitoni miaka. Kwingine akaongezewa valproeti. Baada ya wiki kadhaa analala hadi mchana, akitembea anayumba, majirani wanasema karogwa. Jamani, valproeti hulizuia ini kuiondoa fenobabitoni, ambayo yenyewe huchukua kama siku 4 kupungua nusu. Kwa hiyo kipimo kilekile cha zamani kinakuwa kikubwa, tena polepole, huwezi kushtuka mapema. Kabamazepini ndiyo kinyume: inalichangamsha ini, valproeti inashuka, mtu anaanza kuanguka tena.

Shangazi akataka kutupa zote. Nikampigia simu, asithubutu, maana kuikatisha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo, na hapo ni kifo.

Sipingi dawa mbili, wapo wanaozihitaji. Ila anayeandika ya pili aombe kuona bahasha ya kwanza, aziandike zote kwenye daftari la mgonjwa, apunguze kipimo panapohitajika. Dakika tano tu hizo.