Unafuu wa kodi kwa magari ya umeme
Unafuu wa kodi kwa magari ya umeme ni msamaha wa kodi au ruzuku ya serikali inayopunguza bei ya magari hayo. Manufaa yake hutegemea pia tarehe ya kupokea gari.

Nchini Ujerumani ruzuku iliombwa baada ya gari kusajiliwa, si lilipoagizwa. Ilipositishwa ghafla Desemba 2023, waliokuwa bado wakisubiri magari yao waliikosa, ingawa baadhi ya watengenezaji waliwafidia. Mauzo yalishuka kutoka takriban magari 524,000 mwaka 2023 hadi 381,000 mwaka 2024.

Nchini Tanzania, mnunuzi wa Mkoa wa Singida anayeagiza gari nje kupitia bandari ya Dar es Salaam hutozwa kiwango kinachotumika linapoingizwa nchini. Meli ikichelewa kupita tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unaweza kubadilisha gharama zake.