Anayeshika Kipimo Ndiye Anayeshika Dhahabu

Mwaka 2017 taifa letu liligawanyika juu ya swali la maabara: makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga, yalibeba dhahabu kiasi gani? Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema tani 7.8. Kampuni ikakana na kutaja kiasi kidogo mno. Tulizungumza sana kuhusu uzalendo na wizi, na kidogo sana kuhusu upimaji. Mimi ninayefundisha fizikia naamini ugomvi ule ulikuwa wa kipimo kwanza, siasa ikafuata.

Nalikumbusha hili kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza, na watumishi wa serikali hurudia swali lilelile: nchi yenye uhaba wa madawati itafaidika nini na utafiti wa elektroni na nusukipitishi? Jibu liko Geita.

Katika soko la madini lililofunguliwa mjini humo Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa kwa mashine ya eksrei. Mionzi yake hung'oa elektroni iliyo karibu na kiini cha atomu. Elektroni ya ngazi ya juu hushuka kuziba pengo, na nishati inayotoka hubainisha kama hiyo ni dhahabu, fedha au shaba. Kipande cha nusukipitishi ndani ya mashine husoma nishati hiyo. Bei ya mchimbaji na mrabaha wa serikali hutegemea mruko huo mdogo. Mashine tumeinunua nje. Ikianza kupotoka, nani miongoni mwetu atagundua?

Tazama pia zebaki. Tuliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini wachimbaji wadogo bado huichoma ili kupata dhahabu, wakati mwingine jirani na nyumba wanamolala watoto. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini atomu zake hufyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, na chombo kinachotumia mwanga huo huufichua. Chini ya ardhi, kaboni monoksidi itokayo kwenye baruti hufyonza mwanga wa infraredi. Huko ndiko leza ya mporomoko wa kwanta inakofaa: elektroni hushuka ngazi baada ya ngazi kupitia matabaka yenye unene wa nanomita chache, na katika kila ngazi inaweza kutoa chembe ya mwanga. Ukibadili unene wa matabaka, umebadili mwanga, na hivyo gesi unayoweza kuitambua.

Wazo la leza hiyo lilichapishwa na Wasovieti wawili, Kazarinov na Suris, mwaka 1971. Iliwaka kwa mara ya kwanza mwaka 1994 katika maabara za Bell, Marekani. Hiyo ni miaka 23, zaidi ya mipango minne ya maendeleo ya miaka mitano. Kwetu mtafiti hudaiwa matokeo kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Wapo watakaosema tununue vyombo, yaishe. Sipingi kununua. Napinga kununua tusichoweza kukihakiki, kwa maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2017 tungekuwa na maabara inayoaminiwa na pande zote, tungebishana kwa takwimu badala ya kurushiana maneno.

Sidai kiwanda cha leza Shinyanga. Nadai mambo matatu. Sehemu ndogo ya mrabaha ijenge maabara ya upimaji katika ukanda huu, chini ya chuo kikuu cha umma. Wanafunzi wa fizikia wafanye mafunzo kwa vitendo kwenye masoko ya madini, wakihakiki mashine. Na vipimo vya mvuke wa zebaki vibandikwe kwenye ofisi za kata, ili mama anayeishi jirani na mwalo ajue anavuta nini.

Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize ahadi hiyo imefikia wapi.