Magoti ambayo karatasi ya mechi haiyaoni

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Entente Urbaine de Football ya Bukavu,

Karatasi ya mechi, popote mpira unapochezwa, ina nafasi ya mabao, kadi na wachezaji waliobadilishwa. Kijana anayetolewa akiwa mgongoni mwa mwenzake huonekana humo kama jina lililopisha jingine, basi. Jioni goti limevimba, nyumbani wanalikanda kwa maji ya moto, ilhali jeraha bichi linataka baridi na mapumziko. Wiki chache baadaye anarudi uwanjani akichechemea.

Dawa ya kukinga ipo, na haiuzwi. FIFA na watafiti wa Oslo walitunga mazoezi 15 ya kupasha mwili yaitwayo 11+, ya dakika kama 20. Norwei, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua karibu theluthi. Mtasema Norwei ni mbali. Haya, Lagos: watafiti walifuatilia timu 20 za vijana, wachezaji 414, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41.

Tazameni zoezi moja. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu. Anainama mbele polepole, mgongo umenyooka, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka inashindwa, ndipo anajidaka kwa mikono. Hata kwenye viwanja vyetu vya mteremko na kokoto linawezekana. Kuzunguka uwanja mara mbili kisha kupiga mashuti golini kunapendeza macho, lakini hakumwandai mtu hivyo.

Ila Lagos ni tambarare, na Bukavu ni vilima. Ardhi yetu ni matope masika, kiangazi inakuwa saruji. Je, hapa mazoezi hayo yatasaidia kiasi kile kile? Hakuna kocha wala daktari atakayelijibu hilo bila kuhesabu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye mashindano ya vijana, ongezeni safu moja katika karatasi ya mechi: kiungo gani kimeumia, aligongwa au alianguka peke yake, na alikosa siku ngapi za mazoezi. Jeraha lihesabiwe pale tu linapomzuia mchezaji kufanya mazoezi au mechi inayofuata, la sivyo kila mchubuko utajaza daftari. Kisha nusu ya timu zifanye 11+ angalau mara mbili kwa wiki, nyingine ziendelee na mazoea yao. Msimu ukiisha, nazo zifundishwe. Wazazi waelezwe kwanza na waridhie.

Kuhusu hesabu, mji huu una Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki, na kingine cha Université Evangélique en Afrique, jirani wa Hospitali ya Panzi. Wanafunzi wao wanatafuta mada za kuandikia kazi zao za kumaliza masomo. Waiteni kabla ya ratiba ya msimu ujao kutoka, maana karatasi zikishachapishwa tutaambiwa tungoje mwaka mwingine.

Wenu katika mpira,
Mzazi wa mchezaji, Kadutu