KIFAA SALAMA, DAFTARI WAZI



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu juu ya kampuni ya Ledger ya Ufaransa, iuzayo vifaa vya kutunzia funguo za siri za bitcoin. Mwaka 2020 vifaa havikuvunjwa. Kilichoibwa ni daftari la wateja. Julai kampuni ilitaja wateja 9,500 walioibiwa majina, anwani na namba za simu. Desemba orodha ikamwagwa hadharani: watu wapatao 272,000! Wakaanza kupokea vitisho, na mwaka 2021 wengine wakaletewa vifaa bandia kwa posta.

Neno la siri hubadilishwa. Nyumba je? Hapa shuleni hata rejista ya watoto tunaifungia kwa kufuli. Mzigo ukishamfikia mteja, kampuni za namna hii zifute anwani yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.